Mama Gatwech Hahami

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Ndege ya Nairobi imepita tena juu ya paa wakati naita majina. Kila asubuhi ni hivyo, na kila asubuhi nanyamaza katikati ya jina la mtu mpaka sauti iishe. Wanafunzi wameshazoea. Wananitazama tu. Wanajua moyo wangu uko ndani ya ile ndege.

Mkataba unaisha mwezi wa tisa. Sanduku nimelitoa uvunguni tangu Julai, liko katikati ya chumba, najikwaa juu yake kila nikiamka. Bwana Okello, mwenye chuo, hajui kwamba sitaongeza mwaka. Au anajua na ananyamaza.

Leo ilikuwa zamu ya Taban. Muhula huu tumekubaliana hivi: kila mwanafunzi asimulie janga lililompata yeye mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, halafu darasa lilifungue kama fundi anavyofungua injini. Dalili zilikuwa zipi? Nani aliziona? Nini kilimtoa mtu akiwa hai? Kozi inaitwa Kukabili Maafa. Kitabu tulichopewa kimejaa theluji na vimbunga vya baharini. Theluji, hapa New Site, Juba! Nilikifunga wiki ya pili. Hawa ninaowafundisha wamepita vita, njaa, moto na kipindupindu, na wako hai, wanakuja darasani wamepiga pasi. Nataka kujua wamefanyaje.

Taban alikulia kambini Uganda. Alisimulia moto. Nyumba za nyasi, kiangazi, upepo. Alitoka salama, kisha akarudi ndani kuchukua baiskeli. "Mimi naona moto, mwalimu, lakini baiskeli mimi naona zaidi." Darasa likacheka, naye akacheka, halafu akainua shati tukaona mgongo ulivyoungua. Kicheko kikakatika hapo hapo.

Tumegundua jambo. Katika kila hadithi tangu tuanze kuna mtu aliyerudi, au aliyekataa kutoka. Kitabu hakisemi neno juu ya watu hao. Kinadhani ukipiga kengele, watu wanatoka.

Alhamisi, 6 Agosti

Nyaruach amekataa tena.

Ndiye mwanafunzi wangu bora na ndiye anayenitia hasira kuliko wote. Mnuer, amelelewa kambini Kakuma, Kiswahili chake ni cha Kenya kabisa, na Sheng anaijua kunishinda. Hadithi za wenzake anazichambua kama wembe. Ikifika zamu yake, anakunja mikono. "Mwalimu, yangu si story ya darasa. Sitaki."

Nikamwambia bila hadithi hakuna alama. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka. Akatazama chini. Nilijichukia mpaka chai ya saa nne, halafu nikajisamehe. Sheria ni moja kwa wote.

Taban naye akanigeuzia meza mbele ya darasa. "Na wewe, mwalimu? Wewe iko na gani?" Nikasema yangu ni njaa tu. Kwetu Ukambani kila njaa hupewa jina, kama mtoto. Nikawaeleza ya utotoni mwangu: ng'ombe wa baba walivyolala mmoja mmoja, mama alivyotuchemshia majani ambayo mpaka leo sijui ni ya mti gani. Wakangoja niendelee. Nikafuta ubao, ambao haukuwa na kitu.

Jumamosi, 8 Agosti

Siwezi kukaa. Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi. Nimepanga sanduku, nimelipangua. Nimetembea hadi uwanja wa ndege bila shughuli yoyote, nikasimama nje ya uzio nikitazama vijana wakipakua maboksi, nikarudi. Mvua imeanika mawingu kusini lakini haishuki. Hewa nzito. Kila mtu New Site anagombana na mtu.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimekwenda mtaa wa Mangateen, kwa kina Nyaruach. Nilisema naenda kumbembeleza. Ukweli ni kwamba nilitaka mahali pa kwenda.

Wanaishi wawili, yeye na mama yake. Nyumba ya udongo, bati kuukuu juu, turubai pembeni. Safi sana. Iko ukingoni mwa khor, lile korongo ambalo kiangazi ni njia ya mbuzi na masika ni mto. Nilichungulia nikaona ukutani mstari wa tope kavu, usawa wa goti langu. Wa mwaka jana. Na ukingo umeliwa tangu wakati huo; mtu anaweza kutupa jiwe kutoka mlangoni likatua korongoni bila kunyoosha mkono.

Mama yake wanamwita Mama Gatwech, kwa jina la kifungua mimba wake. Mwanamke mrefu, mkavu, mkono wa kushoto una kovu la moto. Alikuwa ameketi mlangoni kabisa, uso umeelekea barabarani. Alinipa chai yenye sukari ya kukwaruza meno. Hakuinuka hata mara moja. Nyaruach ndiye aliyechota, akapika, akaosha.

Nikamuuliza Nyaruach kwa nini hawahami. Akacheka vibaya.

"Mathe hahami. Chifu wa block amekuja. Mchungaji amekuja. Mjomba ako na ploti kule juu, anatuita kila siku. Hahami."

"Kwa nini?"

"Si ndio hiyo story unataka, mwalimu."

Nimerudi kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nikipima kwa macho: maji yakija kutoka huku, yatapita wapi? Yatapita pale pale. Yatampitia yule mama. Siyo jambo la kubahatisha, ni la kungoja tu mvua ya kweli.

Jumatano, 12 Agosti

Okello ameniita ofisini. Amesikia kwamba kitabu hakifunguliwi. Mtihani unatoka kitabuni. "Madam Wanza, hii story story hapana. Wanafunzi wanalia darasa mzima, wengine nje wanafikiri tunapiga watu." Akacheka, lakini alikuwa hachezi. Nimalize zamu zilizobaki wiki ijayo, kisha nirudi kwenye kitabu.

Nilimjibu kwamba theluji ikianguka Juba nitampigia simu. Hakucheka tena.

Mvua imeanza mchana. Kidogo.

Ijumaa, 14 Agosti

Mvua. Nilimtumia Nyaruach ujumbe: khor iko vipi? Akajibu: iko tu. Nikauliza: na mama? Akajibu: ako tu.

Hasira. Namkasirikia mtoto wa watu bure. Nakasirikia mwanamke mzima ambaye anaweza kutembea, ana ndugu juu kilimani, na anakaa chini akingoja maji. Nimewahi kufundisha kwamba watu hawatoki kwa sababu hawajapewa habari. Huyu ana habari zote.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimeoga mara mbili na bado nina tope masikioni. Naandika kabla sijalala, nisije nikajisimulia vizuri kesho.

Mvua ilitushika darasani kabla ya saa sita. Haikuanza, ilidondoka yote kwa pamoja. Bati likapiga kelele hata sikusikia sauti yangu. Nikafanya alichofanya kila mwalimu aliyenifundisha mimi: nikafunga mlango, nikatia komeo, nikasema hakuna anayetoka mpaka ikatike. Hapa Juba mvua ikinyesha kila kitu husimama, ofisi, soko, maombi. Hakuna aliyeshangaa. Tukasogeza madawati katikati ya chumba ambapo hapavuji, tukakaa magoti yakigusana.

Hapo Nyaruach akasema, "Haya. Leo nitasema. Hamna pahali mnaenda."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwamba nimeshinda.

Alisema kwa kupaza sauti, karibu kupiga kelele, kwa ajili ya bati. Alikuwa mdogo, wa kubebwa mgongoni. Kijiji chao kilivamiwa jioni. Baba akasema twende sasa. Mama akasema Gatwech hajarudi, yuko na ng'ombe. Baba akamvuta kwa nguvu, wakaingia kwenye nyasi ndefu, wakalala humo. Asubuhi walikutana na jirani. Jirani akasema: mtoto wenu alirudi. Nilimwona amesimama mlangoni kwenu, anaita. Anaita mama, anaita baba. Halafu akakimbia kuwatafuta, akaelekea upande wa mto. Wao walikuwa wameelekea upande mwingine. Hakuonekana tena.

Mvua tu.

"Tangu siku hiyo," Nyaruach akasema, "mathe hatoki nyumbani kama watu wa nyumba hawajatimia. Haijalishi ni nini. Kakuma moto ulishika line yetu, watu wote wakatoka, yeye akasimama kwa mlango. Mimi nilikuwa nimeenda foleni ya maji. Alisimama hapo mpaka akaniona. Ndio ule mkono wake. Hatoki mpaka nifike. Yaani mpaka mimi nifike nyumbani, hata kama..."

Kinywa wazi. Aligeuza kichwa taratibu akatazama dirisha ambalo lilikuwa jeupe kwa maji.

"Na mimi niko hapa," akasema.

Sikuelewa upesi. Taban ndiye aliyeelewa. Alikuwa ameshafika mlangoni anahangaika na komeo, komeo langu, lilikuwa limevimba kwa unyevu likakataa, akalipiga teke.

Tulikimbia wote. Sijakimbia tangu shule ya msingi. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope karibu na kioski cha mkaa, sikugeuka. Njiani tulikutana na watu wa Mangateen wakipanda, magodoro kichwani, kuku mikononi, watoto wamekamatana mashati. Nyaruach alikuwa akiwauliza bila kusimama. Wote walitikisa kichwa.

Khor ilikuwa imepasuka. Kulikuwa na maji ya kahawia mahali pa uwanja, yanakwenda kasi, yamebeba milango na majani ya rakuba, vile vibanda vya kivuli. Nyumba zilizokuwa chini yetu zimebaki mabati. Ile ya kwao bado imesimama. Na mlangoni, maji kiunoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili, Mama Gatwech. Uso barabarani.

Nyaruach akapiga ukelele wa Kinuer. Mama akageuka. Alimwona, nina hakika alimwona, walikuwa wanatazamana. Nikasema moyoni: haya, sasa, wametimia, sasa atatoka.

Hakutoka.

Nyaruach aliita mpaka sauti ikakauka. Mama alimpungia mkono, kama mtu anayemwambia mtoto nenda tu, kisha akarudisha uso barabarani.

Taban na wenzake walifungua kamba za nguo za watu, wakaziunga, wakaingia wamefungana viuno. Mimi nilishika mwisho wa kamba pamoja na wanawake nisiowajua. Walimtoa kwa nguvu. Alipigana nao. Alimng'ata Taban begani. Walipofika naye kwetu alikuwa hapigani tena ila anageuza shingo nyuma, na wakati huo ndipo ukuta wa mbele ulipoketi majini, polepole, na bati likaufuata.

Hakulia. Alitutazama sisi wote, mmoja mmoja, kama watu waliomwibia.

Jumanne, 18 Agosti

Wako kwangu. Nyaruach kwenye mkeka, mama kitandani, mimi kati yao na sanduku. Nimelisukuma uvunguni ili pawe na nafasi ya miguu.

Mama hali. Nimepika uji, wali, nimetuma mtu anitafutie kisra, ile mikate yao myembamba ya mtama, kwa majirani. Anaegemea ukuta, amefumba macho. Bega la Taban limevimba. Ametibiwa, amekuja kumsalimu, ameketi mlangoni kwa adabu na hakujibiwa. "Malesh, mama," akasema akiondoka. Pole, mama.

Ninachofikiria ni komeo. Nilikuwa nimesikia wiki iliyopita kwamba mama hahami, nimeona mstari ukutani, nimepima njia ya maji kwa macho yangu. Kisha mvua ikaja nami nikamfungia binti yake ndani ili anisimulie.

Alhamisi, 20 Agosti

Leo alfajiri kitanda kilikuwa kitupu. Tulimkuta ameshafika barabara kuu, peku, anatembea katikati kabisa, magari yanampigia honi. Anarudi Mangateen. Mvua ingali juu, khor ingali wazi, na hakuna nyumba. Nyaruach alimshika kiganja. Nilidhani watapigana. Badala yake mama akaketi pale pale ukingoni mwa lami, akaanza kusema, na kwa siku tatu hizi ndiyo sauti yake ya kwanza. Nyaruach alinitafsiria kipande kipande. Mwishoni alikuwa anatafsiri bila kunitazama.

Nyaruach alimwambia: mama, nimefika, tuko wawili, tumetimia. Ulikuwa unaningoja mimi. Mbona hukutoka uliponiona?

Mama akasema: wewe sikukungoja. Nilijua uko shule. Shule iko juu.

Nyaruach alirudia sentensi hiyo kwa Kiswahili mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza alikosea.

Mama akaendelea. Tangu vita viishe watu wanarudi. Kila mwezi anarudi mtu ambaye matanga yake yalishaliwa. Mwana wa jirani yake alirudi kutoka Khartoum akiwa na ndevu. Yeye ametuma habari kwa kila Mnuer aliyepanda boti au lori kwenda kaskazini: mwambieni Gatwech mama yake yuko Juba, Mangateen, nyumba ya mwisho kabla ya khor, ukitoka kanisani. Miaka yote tangu amani ametuma hiyo hiyo. Habari ikishatoka hairudishwi. Atakuja kwenye nyumba hiyo, si nyingine. Atasimama mlangoni aite. Safari hii akikuta hakuna mtu, basi.

Magari yalikuwa yakipita. Mimi nilitazama miguu yangu.

Jioni Nyaruach amefua nguo zote za mama yake uani. Nilipotoka kumsaidia akasema bila kuinua uso, "Moto wa Kakuma. Ule mkono. Miaka yote nilijua ni kwa sababu yangu." Nikakamua blanketi.

Ijumaa, 21 Agosti

Mvua asubuhi yote. Mama amejaribu tena kwenda. Nyaruach amelala mbele ya mlango ili ampite juu yake kama anataka. Hakumruka. Alisimama hapo juu ya binti yake muda mrefu.

Hawezi kufungwa. Hawezi kuachwa. Khor ikijaa mara nyingine atakuwa amesimama mahali palipokuwa na mlango, na hakuna wa kumtoa.

Nimeomba. Sijaomba kwa maneno yangu mwenyewe tangu niondoke nyumbani.

Jumamosi, 22 Agosti

Darasa zima limekuja uani kwangu bila kuitwa. Walisema hadithi ya Nyaruach haikuisha, na haijachambuliwa. Nikawaambia si wakati wake. Wakasema ndio wakati wake hasa.

Basi tukaifungua. Uani, juu ya ndoo na mawe, mwenye hadithi akiwa amekaa katikati na mama yake akiwa mlangoni anatusikiliza asielewe. Dalili zipi? Nani aliziona? Nini kingemtoa? Chifu alimwahidi ploti. Mchungaji alimwahidi Mungu. Mimi nilitaka kumwonyesha mstari wa tope. Wote tulimwambia kinachokuja. Hakuna aliyemuuliza anayekuja.

Taban akakuna bega lake. "Mimi nasema hivi. Mama hataki nyumba. Mama anataka mtu kwa mlango. Si lazima mtu ni yeye."

Halafu Nyaruach akainuka, akaenda kuchuchumaa mbele ya mama yake, akamweleza. Mama aliuliza jambo. Nyaruach akajibu. Akauliza lingine. Sura yake ilikuwa kali kama ya mtu anayeajiri. Kisha akatuita karibu, kila mmoja, Mbari, Mmadi, Mdinka, Mnuer, na mimi Mkamba, akatufundisha.

Mtu akae pale pale palipokuwa na mlango, si chini ya mti. Atazame barabara. Asilale. Asisome. Maji yakianza kupanda, apande barabarani lakini asiache kuona mahali pale. Tusitazame paji la uso, tukitafuta zile alama za wanaume wa Kinuer, maana alipopotea alikuwa hajachanjwa na hakuna ajuaye kama alipata wa kumchanja. Tutazame sikio la kulia. Mbuzi alilirarua alipokuwa mtoto, nusu ya chini haipo. Na mwanamume wa umri huo akipunguza mwendo, aitwe kwa jina, kwa sauti. Tusingoje aite yeye. Mara ile aliita yeye, na hakujibiwa.

Alitufanya tuite jina mmoja mmoja mpaka tukalitamka vizuri. Mimi alinirudisha mara nyingi kuliko wote.

Jioni amekula. Kidogo, kwa mkono ule wenye kovu.

Jumatatu, 24 Agosti

Mama amehamia kwa ndugu yake kilimani, yeye na Nyaruach. Alikwenda kwa miguu yake. Njiani alituma mtu arudi kuhakikisha kwamba Taban, mwenye zamu ya kwanza, hajalala.

Okello ameuliza kwa nini wanafunzi hawatimii darasani, kila kipindi mmoja hayupo. Nimemwambia ni mafunzo ya vitendo. Akaniangalia. Akasema kitabu hakina sura hiyo. Nikasema ndiyo, hakina.

Sijui kama nimefundisha chochote muhula huu. Nyaruach nimempa alama zote.

Jumamosi, 29 Agosti

Zamu yangu, asubuhi hadi adhuhuri.

Nilibeba kiti cha plastiki, mwavuli na chupa ya maji. Tope limekauka juu, chini bado ni laini, kiti kilizama upande mmoja nikakisawazisha kwa kipande cha tofali. Nyumba imebaki kona moja, urefu wa kifua. Khor imeshuka, imekaa chini kabisa imenyamaza.

Ndege ilipita. Nilikumbuka baadaye kwamba nilikuwa nimeisikia.

Watu walikuwa wengi barabarani. Wanawake wa kuni, waendesha boda, mafundi wanaotafuta kazi ya kujenga upya. Nimetazama masikio ya wanaume wote wa Mangateen. Wengine walinitazama vibaya, na wana haki. Mmoja alikuja moja kwa moja hadi pale nilipo, amevaa suti, tepu ya kupimia mfukoni. Akauliza kwa Kiarabu cha Juba nyumba hii ni ya nani, kama inauzwa, kwa kuwa imeanguka. Nikamwambia, "Sidu fi." Mwenyewe yuko. Akatazama tope, akatazama kiti. "Wapi?" Nikasema yuko njiani. Akaondoka.

Jua lilipanda. Nilitaka kuinuka ninyooshe miguu, sikuinuka.

Karibu na adhuhuri akaja mwanamume mrefu, mfuko wa sandarusi begani, anatoka upande wa kanisani. Alipofika usawa wangu alipunguza mwendo, akatazama ile kona ya ukuta. Sikio la kulia lilikuwa upande wa pili. Nikasimama.

"Gatwech!"

Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyojua. Alihamisha mfuko bega la pili, akaendelea na safari yake.

Nikaketi. Nikafuta jasho. Kwa mbali nilimwona Taban akija kunipokea, na mbele yake, upande huu wa barabara, mwanamume mwingine peke yake, anatembea polepole, anatazama nyumba moja moja.

Nikasimama tena, nikaita.